Kukokotoa nishati ya ufungamano wa kiini cha atomu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaosoma fizikia hapa Dodoma, pamoja na wale wa mwaka wa kwanza pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Kila inapofika mada ya kiini cha atomu, maswali huwa ni yaleyale. Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha, kutoa na kuzidisha, na mtoto wa kidato cha pili angeimaliza. Kinachowaangusha wengi ni kuianza bila kujua wanachokitafuta. Kwa hiyo nimejibu kwa urefu pale penye mtego, na kwa ufupi pale pasipo na tabu.

Nishati ya ufungamano ni nini hasa?

Ni nishati ambayo ungelazimika kuitoa wewe ili kukitenganisha kiini kimoja mpaka protoni na nyutroni zake zote zikae mbalimbali, kila moja peke yake.

Fikiria ndoo iliyotumbukia kisimani. Ilipoanguka ilipoteza nishati, na sasa iko chini. Ukitaka irudi juu, mvutaji kamba ni wewe, na kisima kikiwa kirefu kazi inaongezeka. Nishati ya ufungamano ni kina cha kisima hicho. Kiini kilichofungamana sana ni ndoo iliyo chini sana.

Mwalimu, mbona wenzangu wanasema ni nishati iliyohifadhiwa ndani ya kiini?

Wamekosea, na kosa hili ndilo linalozaa mengine yote. Nishati ya ufungamano haimo ndani ya kiini. Ilishatoka siku kiini kilipoundwa. Protoni moja na nyutroni moja zinapoungana kuwa kiini cha deuteriamu, mwale wa gama wenye nishati ya takriban MeV 2.22 (MeV ni megaelektronivolti, kizio cha nishati) huruka na kwenda zake. Kiini kinachobaki kina upungufu wa kiasi hichohicho hasa.

Ukishika hilo, utaelewa kwa nini kiini chenye nishati kubwa ya ufungamano ni kigumu kuvunjika, na kwa nini urani, ambayo ufungamano wake kwa kila chembe ni mdogo kuliko wa chuma, ndiyo inayotupa nishati inapopasuliwa. Anayedhani nishati hii ni akiba atapata majibu ya kinyume kila mara.

Tungamo inayopungua inakwenda wapi?

Inaondoka pamoja na nishati iliyotoka. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba tungamo na nishati ni kitu kimoja kwa vipimo viwili tofauti: E = mc², yaani nishati ni tungamo mara mwendokasi wa mwanga ulioinuliwa kwa kipeo cha pili. Mfumo wowote ukipoteza nishati, tungamo yake inapungua. Hata kaa la moto hupungua tungamo kwa joto linalotoka, ila upungufu huo ni mdogo mno kwa mizani yoyote ya sokoni. Kwenye kiini upungufu unakaribia asilimia moja, na unapimika.

Aliyeupima kwa uhakika ni Francis Aston wa Cambridge, kwa chombo chake cha kupimia tungamo za atomu, muda mfupi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Alikuta kuwa atomu ya heliamu ni nyepesi kidogo kuliko atomu nne za haidrojeni. Mwaka 1920 Arthur Eddington akaichukua tofauti hiyo ndogo na kusema huenda ndiyo inayoliwasha jua. Alikuwa sahihi, ingawa nyutroni yenyewe ilikuwa bado haijagunduliwa. James Chadwick aliipata mwaka 1932.

Nianzie wapi kukokotoa?

Anza na deuteriamu. Vitabu vingi huanza na heliamu, lakini mimi naona deuteriamu ni bora, kwa sababu ina protoni moja na nyutroni moja tu, na ukikosea unaona mara moja ulipokosea.

Unahitaji namba tatu. Atomu ya haidrojeni: 1.007825 u. Nyutroni: 1.008665 u. Atomu ya deuteriamu: 2.014102 u. Herufi u ni kizio cha tungamo ya atomu, yaani sehemu moja ya kumi na mbili ya tungamo ya atomu ya kaboni-12.

Jumlisha vipande: 1.007825 + 1.008665 = 2.016490 u.
Toa atomu nzima: 2.016490 − 2.014102 = 0.002388 u. Huu ndio upungufu wa tungamo.
Zidisha kwa 931.494, namba inayogeuza u kuwa MeV: 0.002388 × 931.494 = 2.224 MeV.

Umemaliza. Na jibu hili si la kwenye karatasi tu. Ukikipiga kiini cha deuteriamu kwa mwale wa gama wenye nishati pungufu ya hiyo, hakiachani. Ukiipita, protoni na nyutroni zinatengana. Chadwick na Maurice Goldhaber walifanya jaribio hilo katikati ya miaka ya 1930.

Sasa heliamu-4, yenye protoni 2 na nyutroni 2, na atomu yake ina 4.002603 u:

2 × 1.007825 + 2 × 1.008665 = 4.032980 u
4.032980 − 4.002603 = 0.030377 u
0.030377 × 931.494 = 28.30 MeV

Gawa kwa chembe nne, unapata MeV 7.07 kwa kila moja. Linganisha na deuteriamu, ambako ni MeV 1.11 tu kwa kila chembe. Heliamu-4 imekazwa kupita kiasi kwa nafasi yake katika jedwali, na ndiyo sababu viini vizito vinapooza, yaani vinapobadilika vyenyewe kwa kutoa mionzi, hutema chembe ya alfa, ambayo ni kiini hichohicho, badala ya kutema protoni mojamoja.

Kwa nini unatumia tungamo ya atomu ya haidrojeni na si ya protoni?

Hapa ndipo alama nyingi zinapopotelea, kwa hiyo soma polepole.

Majedwali hutoa tungamo za atomu, si za viini. Atomu ya heliamu ina elektroni mbili ndani ya hesabu. Ukitumia atomu mbili za haidrojeni upande wa vipande, nazo zinaleta elektroni mbili, na elektroni za pande zote zinafutana. Ukitumia protoni tupu, zenye 1.007276 u, halafu ukatoa atomu nzima ya heliamu, umezitoa elektroni mbili ambazo hukuziweka.

Jaribu uone: 2 × 1.007276 + 2 × 1.008665 = 4.031882 u. Toa 4.002603, unabaki na 0.029279 u, sawa na MeV 27.27. Umepungukiwa na MeV 1.02, ambayo ni nishati ya tungamo ya elektroni mbili, MeV 0.511 kila moja. Kwa heliamu kosa linaonekana dogo. Kwa urani yenye protoni 92, kosa hilohilo linafika MeV 47.

Kanuni ni moja: ama atomu pande zote mbili, ama viini pande zote mbili. Usichanganye. Swali la mtihani likikupa tungamo ya kiini, tumia protoni. Likikupa tungamo ya atomu, tumia haidrojeni. Lisiposema, tazama tarakimu: 1.007276 ni protoni, 1.007825 ni haidrojeni.

Naruhusiwa kukata desimali ili hesabu iwe rahisi?

Hapana. Upungufu wa tungamo ni tofauti ndogo kati ya namba mbili kubwa zinazokaribiana, na ukikata mapema unakata jibu lenyewe. Rudi kwenye deuteriamu na utumie desimali tatu: 1.008 + 1.009 − 2.014 = 0.003 u, yaani MeV 2.79 badala ya 2.22. Ukitumia desimali mbili: 1.01 + 1.01 − 2.01 = 0.01 u, sawa na MeV 9.3. Hilo halifanani na chochote.

Beba desimali sita mpaka mwisho. Ukishazidisha kwa 931.494, hapo ndipo ufupishe desimali za jibu.

Hiyo 931.494 imetoka wapi?

Ni c² iliyokwisha kugeuzwa kuwa vizio vinavyotufaa. Kizio kimoja u ni kilo 1.66054 × 10⁻²⁷. Zidisha kwa mwendokasi wa mwanga, mita 2.99792 × 10⁸ kwa sekunde, ulioinuliwa kwa kipeo cha pili, unapata jouli 1.49242 × 10⁻¹⁰. MeV moja ni jouli 1.60218 × 10⁻¹³. Gawa, utapata 931.49.

Fanya safari hiyo mara moja ili uiamini, kisha usirudie tena. Kuanza kila swali kwa kilo na jouli ni kujitafutia makosa ya vipeo bure.

Kwa nini tunagawa kwa idadi ya nyukleoni?

Nyukleoni ni jina la pamoja la protoni na nyutroni. Tunagawa kwa sababu nishati ya jumla haituambii nani amefungamana zaidi. Kiini kikubwa kitakuwa na jumla kubwa kwa ukubwa wake tu.

Chukua chuma-56, chenye protoni 26 na nyutroni 30, na atomu yake ina 55.934937 u. Vipande vinajumlika kuwa 26.203450 + 30.259950 = 56.463400 u. Upungufu ni 0.528463 u, sawa na MeV 492.26. Gawa kwa 56: MeV 8.79.

Chukua na urani-238, yenye protoni 92 na nyutroni 146, atomu yake 238.050788 u. Vipande: 92.719900 + 147.265090 = 239.984990 u. Upungufu 1.934202 u, sawa na MeV 1801.7. Gawa kwa 238: MeV 7.57.

Jumla ya urani inazidi mara tatu ya chuma, ila kila nyukleoni ya chuma imeshikwa kwa nguvu zaidi. Ukichora grafu, nishati kwa kila nyukleoni inapanda kwa kasi kutoka haidrojeni, ina kilele kidogo kwenye heliamu-4, inafika juu karibu na chuma na nikeli, halafu inashuka taratibu hadi urani. Grafu hiyo moja inaeleza kwa nini nyota zinang'aa na kwa nini vinu vya nyuklia vinafanya kazi. Viini vyepesi vikiungana vinapanda kuelekea kileleni na kutoa nishati. Viini vizito vikipasuka, vipande navyo vinapanda kuelekea kileleni, kwa upande wa pili.

Kwa jua linalotuwakia hapa Dodoma, hesabu ni hii: haidrojeni nne zinaishia kuwa heliamu moja, 4 × 1.007825 − 4.002603 = 0.028697 u, sawa na MeV 26.73 kwa kila heliamu inayozaliwa.

Na kwa nini grafu inashuka upande wa kulia? Nguvu kali ya kiini hufika jirani tu. Nyukleoni haimgusi aliye mbali. Msukumano wa chaji za protoni haukomi hapo. Kila protoni inazisukuma nyingine zote kiinini. Kiini kikikua, msukumano unakua kwa kasi kuliko mshiko.

Kiini kilichofungamana kuliko vyote ni chuma-56 au nikeli-62?

Kwa nishati ya ufungamano kwa kila nyukleoni, ni nikeli-62. Kokotoa mwenyewe: protoni 28, nyutroni 34, atomu 61.928345 u. Utapata upungufu wa 0.585365 u, MeV 545.26, na MeV 8.795 kwa kila nyukleoni. Chuma-56 kina 8.790.

Mkanganyiko unatokana na jambo jingine ambalo pia ni kweli: chuma-56 ndicho chenye tungamo ndogo kuliko vyote kwa kila nyukleoni, kwa sababu sehemu ya protoni ndani yake ni kubwa kuliko ndani ya nikeli-62, na protoni ni nyepesi kuliko nyutroni. Ni maswali mawili tofauti yenye majibu mawili tofauti.

Nishati ikitoka chanya, ina maana kiini ni imara?

Si lazima, na mfano mzuri ni beriliamu-8. Atomu yake ina 8.005305 u. Vipande vyake, haidrojeni nne na nyutroni nne, vinafika 8.065960 u. Upungufu ni 0.060655 u, yaani MeV 56.50. Ni chanya, tena kubwa.

Lakini heliamu-4 mbili zina MeV 56.59 kwa pamoja, zaidi kidogo. Kwa hiyo beriliamu-8 inagawanyika kuwa heliamu mbili papo hapo, na inatoa MeV 0.09. Nishati ya ufungamano inalinganisha kiini na vipande vilivyotawanyika kabisa. Kujua kama ni imara, kilinganishe na kila njia kinayoweza kuifuata.

Jibu langu limetoka hasi. Nimevunja sheria ya fizikia?

Umegeuza kutoa. Vipande kwanza, atomu nzima baadaye. Kama hukugeuza, angalia umehesabu nyutroni ngapi: ni namba ya tungamo (jumla ya protoni na nyutroni) kutoa namba ya protoni, na wengi husahau kutoa.

Kuna namna ya kukadiria bila jedwali la tungamo?

Ipo, na ni nzuri mno. Mwaka 1935 Carl Friedrich von Weizsäcker alipendekeza fomula inayokichukulia kiini kuwa tone la kimiminika. Kwa namba ya tungamo A na protoni Z, nishati ya ufungamano B kwa MeV ni:

B = 15.75 A − 17.8 A^(2/3) − 0.711 Z²/A^(1/3) − 23.7 (A − 2Z)²/A ± 11.18/√A

Kila sehemu ina sababu yake. Ya kwanza inasema kila nyukleoni inashikwa na majirani. Ya pili inapunguza, kwa kuwa walio juu ya uso wa tone wana majirani wachache. Ya tatu ni msukumano wa protoni. Ya nne ni adhabu ya kuwa na protoni na nyutroni zisizolingana idadi. Ya tano hujumlishwa kama protoni na nyutroni zote ni shufwa, hutolewa kama zote ni witiri, na huachwa kama A ni witiri. Namba zenyewe hutofautiana kidogo kati ya kitabu na kitabu, kwa sababu zinapatikana kwa kulinganishwa na vipimo.

Kwa chuma-56: 882.0 − 260.5 − 125.6 − 6.8 + 1.5 = MeV 490.6. Kipimo ni 492.3. Tofauti haifiki asilimia nusu, na hatukugusa jedwali! Kwa urani-238 inatoa MeV 1804 dhidi ya 1801.7.

Usiitumie kwa viini vidogo. Kwa heliamu-4 inatoa MeV 22 hivi badala ya 28.3, kwa kuwa chembe nne si tone. Pia inapungukiwa kwenye viini vyenye protoni au nyutroni 2, 8, 20, 28, 50, 82, na nyutroni 126, ambavyo hushikamana zaidi ya makadirio. Maelezo ya namba hizo yalitolewa na Maria Goeppert Mayer na, kwa upande wake, Hans Jensen na wenzake, mwaka 1949. Wawili hao walishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Mwalimu, mimi natoka Bahi. Ile urani iliyotafitiwa kwetu na Manyoni, inaweza kutoa nishati hiyo ikiwa ardhini?

Nimefurahi swali hili linaulizwa, maana nyumbani kwa watu panahitaji jibu kamili. Ikiwa ardhini, urani inaoza polepole na haipasuki kwa mlipuko. Urani ya asili ni zaidi ya asilimia 99 urani-238, na ile inayopasuka kwa urahisi, urani-235, ni kama asilimia 0.72 tu. Katika udongo wa mbuga imesambaa, haina namna ya kuanzisha mfululizo wa kupasuka.

Kuoza kwake unaweza kukukokotoa. Urani-238 hutema alfa na kuwa thoriamu-234, yenye 234.043601 u. Toa: 238.050788 − 234.043601 − 4.002603 = 0.004584 u, yaani MeV 4.27. Nusu ya atomu zake huchukua miaka bilioni 4.5 hivi kuoza. Hiyo haimaanishi kuwa madini haya hayana madhara: mazao ya kuoza kwake, ikiwemo gesi ya radoni, ni hatari yakivutwa kwa wingi, na urani yenyewe ni sumu kwa figo. Vumbi na maji vinastahili kupimwa popote inapochimbwa au kutafitiwa, na mkulima wa mpunga ana haki ya kuelezwa matokeo.

Ndani ya kinu mambo ni mengine. Urani-235 ikimeza nyutroni moja inaweza kupasuka kuwa bariamu-141, kriptoni-92 na nyutroni tatu:

Kabla: 235.043930 + 1.008665 = 236.052595 u
Baada: 140.914411 + 91.926156 + 3.025995 = 235.866562 u
Tofauti: 0.186033 u, sawa na MeV 173.3

Vipande hivyo vinaendelea kuoza, na jumla inakaribia MeV 200 kwa kila kiini. Kilo moja ya urani-235 ikipasuka yote ingetoa jouli trilioni 82 za joto. Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lina mitambo ya megawati 80. Ingebidi izunguke kwa uwezo wake wote kwa siku 12 hivi kufikia kiasi hicho. Kumbuka tu kwamba kiasi cha urani ni joto, na kinu hugeuza karibu theluthi moja yake kuwa umeme.

Jibu niliandike kwa MeV au jouli?

MeV, isipokuwa swali limetaka jouli. Na useme wazi kama ni jumla au ni kwa kila nyukleoni.

Ukitumia tungamo za atomu, nishati inayozishika elektroni haiharibu hesabu?

Inaingia kidogo. Tungamo za elektroni hufutana, lakini nishati inayozifunga kwenye atomu haifutani kabisa, kwa kuwa elektroni 92 za urani zimeshikwa kwa nguvu zaidi kuliko elektroni za haidrojeni 92 zilizo mbalimbali. Katika haidrojeni ni elektronivolti 13.6 tu. Katika urani jumla yake haifiki MeV moja, kati ya MeV 1801.7. Kwa kidato cha sita iache. Anayetaka usahihi wa tarakimu nyingi kwa viini vizito ndiye anayepaswa kuirekebisha.